Maili zimekonda, nani kazila? Anko wa Safari anajibu

Safari hii barua zimemiminika kuhusu maili na pointi za ndege, zile unazokusanya ukisafiri halafu unazibadilisha na tiketi, wengine mmeandika kwa hasira kabisa. Nimechukua chache ambazo ukizisoma pamoja zinajibizana, zingine nitawajibu wenyewe pembeni.

Shikamoo anko. Mi ni nesi, nipo Marekani. Mji sitautaja maana wenzangu wa kazini wanasoma hili gazeti, ila jua tu kwamba uwanja wetu kampuni moja ndo imeshika karibu kila geti, ukitaka kwenda popote moja kwa moja utapanda yao tu. Kadi yao ya benki ninayo, nainunulia kila kitu mpaka mchele. Lakini kila nikikaribia tiketi ya bure ya kwenda Moshi kumuona mama, bei ya maili inapanda, nakusanya tena, inapanda tena. Rafiki yangu yuko Seattle, mshahara wetu unalingana na safari zetu zinalingana, yeye ofa za maili anapata mpaka anachoka. Hivi shida ni mimi au ni mji?
*Nesi wa zamu ya usiku, Marekani*

Marahaba mwanangu, pole na zamu. Shida ni mji, wala usijilaumu.

Kampuni yako siijui na sitaki kuibahatisha, ngoja nitumie mifano ambayo iko wazi kwa kila mtu. Kwanza tukumbushane hizi maili zilitoka wapi. Marekani kabla ya 1978 serikali ndo ilikuwa inapanga nauli na nani aruke njia gani, sasa 1978 ikapitishwa sheria ya kuachia soko, kampuni zikaanza kugombana kwelikweli, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines wakaja na mpango wao wa maili, AAdvantage, United wakafuata ndani ya siku chache tu. Angalia hiyo haraka. Hakuna aliyekaa chini akasema tuwaonee huruma abiria, waliona mteja anaweza kuamka asubuhi akapanda ya jirani, kwa hiyo lazima abembelezwe. Sasa mtu ambaye hana jirani wa kuhamia, anabembelezwa ili iweje?

Wakati ule kampuni zilikuwa nyingi. Baadaye zikaanza kumezana: Delta wakaichukua Northwest 2008, United wakaungana na Continental 2010, Southwest wakainunua AirTran 2011, American na US Airways wakafunga ndoa mwisho wa 2013. Zimebaki nne kubwa, American, Delta, United na Southwest, ambazo kwa pamoja zinabeba takriban abiria wanne kati ya kila watano wa safari za ndani. Na hata hizo nne hazigombani kila mahali, kila moja ina ngome yake, Delta wako Atlanta na Minneapolis, American wako Charlotte na Dallas, United wako Newark na Houston. Ukikaa kwenye ngome ya mtu we ni wa kwake, upende usipende.

Sasa tazama kilichofuata kwenye maili. Zamani ulikuwa unapewa maili kwa umbali uliosafiri, ukienda mbali unapata nyingi hata kama tiketi uliipata kwa bei ya kutupa, na hapo ndo watu wa kipato chetu tulikuwa tunafaidi maana safari zetu ni ndefu na tiketi tunazotafuta ni za bei nafuu. Delta wakageuza tarehe 1 Januari 2015, maili zikawa kwa dola uliyolipa, mwanachama wa kawaida 5 kwa kila dola na mwenye kadi ya juu kabisa ya Diamond 11. United wakafuata Machi hiyo hiyo ya 2015. American wakafuata Agosti 2016. Kampuni tatu, mwaka mmoja na nusu na kidogo, wimbo mmoja. Kwa haki niseme kwamba kuhesabu kwa dola hawakubuni hao wakubwa, JetBlue na Southwest walitangulia, na kuna hoja kwamba anayelipa zaidi ndo apewe zaidi. Sawa. Lakini soko lingekuwa na wagombanaji saba au wanane si angetokea japo mmoja akasema mimi nabaki na umbali, njooni kwangu?

Na alitokea! Alaska Airlines, na makao yake ni hapo hapo Seattle kwa rafiki yako. Hiyo kampuni iling'ang'ania kuhesabu kwa umbali miaka na miaka wakati wakubwa wote wameacha, na ikawa inajitangaza nayo. Kwa nini yeye? Kwa sababu kwake hapakuwa na amani, Delta walihamia Seattle wakaifanya kituo chao kikubwa kuanzia 2014 hivi, wakawa wanarukia njia zile zile za Alaska, urafiki wao wa zamani ukavunjika rasmi 2017, na wakazi wa Seattle wakawa katikati wanavutwa huku na huku kwa ofa za maili mara mbili. Hata mwaka 2025 Alaska walipobadilisha jina la mpango wakauita Atmos Rewards, wamekuacha uchague mwenyewe, uhesabiwe kwa umbali, kwa bei au kwa idadi ya safari. Rafiki yako hana ujanja wowote kukushinda, ana kampuni mbili zinazomgombania basi.

Jambo la pili ni ile orodha ya bei. Zamani kulikuwa na jedwali kabisa limetundikwa, Marekani kwenda Afrika maili kadhaa, ukawa unajua unakusanya kufikia wapi. Delta wakaliondoa 2015, United wakaondoa lao 2019, American nao wakaingia huko huko 2023. Siku hizi bei ya maili inapanda na kushuka na tiketi ya pesa, kwa hiyo hicho unachokiona, kwamba ukikaribia inapanda, hakuna mtu anayekulenga wewe, ni kwamba hakuna tena bei ya kukaribia. Na njia ambayo kampuni iko peke yake viti vinajaa kwa pesa taslimu, sasa wakuachie vya maili kwa sababu gani?

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui na mimi naona ndo kiini. Anayebembelezwa siku hizi sio msafiri, ni mwenye kadi ya benki. Benki inanunua maili kutoka kwa kampuni ya ndege kwa pesa halisi, halafu inakugawia wewe unaponunua huo mchele. Mwaka 2024 peke yake kampuni ya kadi ya American Express waliwalipa Delta kama dola bilioni 7.4. Kipindi cha korona, 2020, ndege zimelala chini hakuna anayeruka, United wakauweka mpango wao wa maili rehani wakapata mkopo wa dola bilioni 6.8, Delta wakapata bilioni 9 kwa mtindo huo huo, na 2021 American wakapata bilioni 10. Ndege zimepaki lakini maili zinakopesheka! Kwa hiyo maili zinachapwa nyingi mno kupitia kadi, viti haviongezeki kwa kasi hiyo, na kinachotokea ni kile kile kinachotokea serikali ikichapa noti hovyo.

Halafu hapa kuna kisa ambacho nikikisoma huwa nacheka kwa uchungu. Kule Minnesota kulikuwa na rabi mmoja, Binyomin Ginsberg, msafiri mkubwa wa Northwest mwenye kadi ya juu, 2008 wakamfuta uanachama kwa madai kwamba analalamika kupita kiasi. Akaenda mahakamani akisema mlinitendea bila nia njema. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na Aprili 2014 majaji wote tisa wakamkatalia, wakasema ile sheria ya 1978 inazuia madai ya namna hiyo, na mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba abiria anaweza kujilinda mwenyewe kwa kuepuka kampuni yenye sifa mbaya na kujiunga na mpango wa mshindani ulio bora. Mshindani! Mtu wa Minnesota, ambako Northwest ndo ilikuwa imeshika uwanja, na siku hukumu inasomwa Northwest yenyewe ilishamezwa na Delta, tena ngome ni ile ile. Sheria inakuambia ulinzi wako ni ushindani halafu serikali hiyo hiyo ndo imepiga muhuri ndoa zote hizo.

Basi sio kwamba wakubwa wanaweza kufanya lolote. Septemba 2023 Delta walitangaza masharti mapya ya kadi zao za wasafiri wa mara kwa mara, sio ile ya benki, kwamba ya Diamond inataka matumizi ya dola 35,000 kwa mwaka, watu wakachachamaa kweli, bosi wao Ed Bastian akakiri wamevuka mpaka, mwezi uliofuata wakashusha ikawa 28,000. Washindani nao hawakulala, walijitokeza kuwaambia waliokasirika leteni kadi zenu huku tutaziheshimu. Kwa hiyo kelele zinasaidia ila zinasaidia zaidi pale ambapo mwenye kelele anao mlango wa kutokea.

Haya, wewe ufanyeje. Nyumbani kwako huna chaguo lakini safari yako ya Moshi inalo, tena la kutosha. Kilimanjaro wanatua KLM ambao ni ndugu wa Delta, wanatua Ethiopian na Turkish ambao wako kundi moja na United, na Qatar ambao wako na American na Alaska, na walio kundi moja maili za mmoja unaweza kupandia ndege ya mwenzake. Kwa hiyo usichague mpango wa maili kwa kuangalia nani ameshika uwanja wa mjini kwako, angalia nani anakufikisha kwa mama. Mchele nao uache kuununulia kadi ya kampuni ya ndege, tafuta kadi ya benki ambayo pointi zinakaa benki na unaweza kuzihamishia kampuni tofauti siku unapokata tiketi, kwa mfano American Express wanakuruhusu upeleke Delta au Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, na benki ya Chase unapeleka United au hiyo hiyo Flying Blue. Hapo ndo unajitengenezea ushindani ambao uwanja wako umekunyima. Na usihamishe mpaka uone kiti kipo, ukishahamisha hazirudi.

Kitu kidogo cha mwisho kwako, ukiwa unapanda ndege ya mshirika angalia nani kakata tiketi. Namba ya tiketi ikianza na 006 ni ya Delta na maili zao utahesabiwa kwa dola, lakini kama ni tiketi ya mshirika, mathalani Kenya Airways ambayo namba zao zinaanza na 706, mara nyingi unahesabiwa kwa umbali na daraja la tiketi. Safari hiyo hiyo, kiti hicho hicho, maili tofauti kabisa. Piga hesabu kabla ya kulipa.

Anko habari. Mimi ni Mrundi niko Oslo. Kuna mzee wa Kinorwe kazini ananiambia eti zamani serikali ya hapa ilikataza watu kupewa pointi za ndege kwa safari za ndani. Nikamwambia haiwezekani, serikali gani inakataza raia zawadi? Tumewekeana kahawa. Nani anamlipia mwenzake?
*Mrundi wa Oslo*

Nzuri ndugu yangu, lipa kahawa.

Mzee yuko sahihi kabisa. Na kisa chenyewe ni kitamu kwa sababu kinageuza swali la nesi hapo juu miguu juu. Sisi tumesema ushindani ukipungua pointi zinakonda. Wanorwe wao waliona kwamba pointi zenyewe zikinona sana ndo zinaua ushindani.

Ilikuwa hivi. Kampuni ya ndege ya SAS ndo walikuwa wakubwa, mshindani wao wa ndani alikuwa Braathens, Braathens ikaelemewa na madeni, SAS wakaichukua mwishoni mwa 2001, na ndege za mikoani za Widerøe nazo zilikuwa mikononi mwa SAS. Yani anga yote ya ndani nyumba moja. Mamlaka ya ushindani ya Norway ikakaa ikajiuliza, hivi atakayetaka kuanzisha kampuni mpya atapata wapi abiria? Maana wasafiri wengi wa ndani Norway wakati ule walikuwa watu wa kazi, mafuta, serikali, biashara, tiketi analipa mwajiri lakini pointi za EuroBonus, mpango wa SAS, zinaingia mfukoni kwa mfanyakazi. Sasa mwajiri akisema kuna kampuni mpya ina bei nafuu, mfanyakazi atasema saa zao mbaya, mara ndege zao ndogo, mara hivi mara vile, ukweli ni kwamba anatafuta pointi za kumpeleka yeye na mke wake Thailand wakati wa baridi. Na kampuni changa yenye njia tatu au nne haiwezi kumpa mtu tiketi ya Thailand.

Kwa hiyo 2002 wakapiga marufuku SAS, Braathens na Widerøe kutoa pointi kwenye safari za ndani ya Norway. Sweden mahakama yao ilishawabana SAS mwaka mmoja kabla, 2001, kwenye njia za ndani zenye mshindani. Na mwaka huo huo wa 2002 kampuni ya Norwegian wakaanza kuruka na Boeing 737 njia za ndani. Siwezi kusema walifanikiwa kwa sababu ya marufuku tu, wakati ule bei za chini zilikuwa zinavuma Ulaya nzima, lakini ilisaidia kuwapa pumzi, na nauli ndo ikawa kitu watu wanalinganisha badala ya pointi.

Marufuku ilikaa mpaka Mei 2013 ndo ikaondolewa. Walioitaka iondoke sababu zao zilikuwa wazi, Norwegian sasa ni mkubwa, anaweza kupigana mwenyewe. Na kweli Norwegian naye akaanza kugawa pointi zake za ndani, zile zinazogeuka kuwa pesa ya tiketi. Miaka 11 abiria wa Norway alikosa pointi za ndani, ila alipata kampuni ya pili.

Mimi kwa maoni yangu walifanya vizuri, ingawa najua wasomaji wangu wenye kadi za dhahabu watanuna. Zawadi anayopewa mfanyakazi kwa pesa ya bosi wake wana neno baya kwayo huko kwingine, tusilitaje.

Ila waambie kazini waendelee kufuatilia, kwa sababu Januari 2024 Norwegian wamemaliza kuinunua Widerøe, na mamlaka ya ushindani iliruhusu baada ya kuichungulia kwa miezi. SAS nao wametoka Star Alliance, kundi la kampuni za ndege walimo Lufthansa, wakaingia kundi la SkyTeam walimo KLM Septemba 2024, Air France na KLM wamenunua hisa humo. Kwa hiyo pointi za EuroBonus ambazo jana zilikupandisha Lufthansa leo zinakupandisha KLM, na wewe hukuulizwa. Kama huwa unaenda Bujumbura kupitia Addis na Ethiopian hilo linakuhusu moja kwa moja, Ethiopian ni Star, pointi zako za SAS haziko huko tena.

Shikamoo anko wangu. Mi ni mfanyabiashara Kariakoo, naenda Guangzhou kufata mzigo. Pointi sijawahi kuona faida yake, watu wananiambia najipunja. Na kwa nini hizi ndege zetu za ndani kwenda Mwanza watu hawazungumzii pointi kabisa?
*Mama Mitandio, Dar*

Marahaba mama. Wewe mbona umeshinda zamani.

Njia ya Dar kwenda Guangzhou ni moja ya njia ambazo abiria wa huku kwetu anagombaniwa. Hesabu mwenyewe: Ethiopian wanakupitisha Addis, Emirates Dubai, Qatar Doha, Kenya Airways Nairobi, Air Tanzania wenyewe wanakwenda huko. Na hawa wote wanajua mfanyabiashara wa Kariakoo hatafuti champeni launji, anatafuta kilo. Kwa hiyo ushindani kwako umekuja kwa sura ya mabegi, unalinganisha nani anakupa mawili ya kilo 23, nani kilo ya ziada anachaji kiasi gani, na ukihama wanajua umehamia wapi na kwa nini. Hiyo ndo pointi yako, umeshaipokea mkononi.

Ila kama unakwenda mara nyingi jiandikishe tu, ni bure, chagua mmoja au wawili unaopanda zaidi usijitawanye kwa wote watano, kwa sababu ukifika kadi ya silva au dhahabu faida kubwa kwako ni ile mizigo ya ziada kuliko hata tiketi ya bure. Uliza swali moja tu kabla ya kujiunga: kwa kadi hii naongezewa begi au kilo ngapi njia ya China? Wakikujibu kwa kukuonesha picha ya launji, achana nao.

Sasa Mwanza. Pointi sio dalili pekee ya ushindani mama, wakati mwingine ushindani mkali kabisa hauna pointi hata moja. Unakumbuka Fastjet walivyoingia Novemba 2012 na Airbus zao, Dar kwenda Kilimanjaro na Dar kwenda Mwanza, wakatangaza nauli inaanzia dola 20 kabla ya kodi? Watu waliozoea kulala kwenye basi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyeuliza pointi. Kule Ulaya Ryanair wamekuwa wakubwa kuliko wote kwa idadi ya abiria bila kugawa maili, nauli ndo bembelezo lenyewe.

Fastjet waliacha kuruka Tanzania mwisho wa 2018. Anayebaki kwenye njia ya ndani anagombana zaidi na basi na barabara kuliko na ndege mwenzake, na basi halina maili, kwa hiyo hata yeye hana presha ya kutoa. Siku ukiona kampuni za ndani zinaanza kukupigia kelele za pointi jua ama ameingia mtu mpya, ama kuna mtu anataka kukufunga kamba kabla huyo mpya hajaja. Kisa cha Oslo hapo juu kisome tena.

Anko, mimi naishi Uholanzi. Nikiangalia Amsterdam kwenda Marekani naona kampuni chungu nzima, sasa mbona bei na maili zinafanana kama mapacha? Ushindani si upo?
*Mtoto wa Tanga, Rotterdam*

Unachokiona ni rangi za ndege, ukichungulia daftari ni machache. Njia za Ulaya na Marekani zimegawanywa na makundi matatu ambayo yameruhusiwa kisheria kupanga bei na ratiba pamoja na kugawana mapato: la kwanza Delta na Air France na KLM na Virgin Atlantic, la pili United na Lufthansa na Air Canada, la tatu American na British Airways na Iberia na wenzao. Hiyo ruhusa ya kwanza kabisa walipewa hao hao wa nyumbani kwako, KLM na Northwest, 1993. Kwa hiyo ukilinganisha KLM na Delta unalinganisha duka moja lenye milango miwili.

Uzuri mdogo uliopo ni kwamba kiti kile kile cha Delta kinaweza kuuzwa kwa maili za Delta, kwa Flying Blue, au kwa pointi za Virgin Atlantic, na kila mmoja ana bei yake. Angalia kote kabla ya kukata. Tofauti inaweza kuwa kubwa mpaka ukashangaa.

Na wadhibiti wanajua mchezo huu. Lufthansa walipoichukua Swiss 2005 Tume ya Ulaya iliweka sharti kwamba mshindani mpya akija kwenye njia fulani na hana mpango wake wa maili, aruhusiwe kuingia kwenye mpango wa hao hao wakubwa. Alaska walipoinunua Hawaiian Septemba 2024, wizara ya uchukuzi ya Marekani iliwabana kwa miaka 6, kwamba kila maili moja ya Hawaiian igeuzwe kuwa maili moja ya Alaska, wala zisikatwe thamani. Mwezi huo huo wizara ikazitaka zile nne kubwa zijieleze kuhusu mipango yao, bei zinavyobadilika na maili zinavyoshuka thamani.

Maili zangu hazina tarehe ya kuisha, niziache zikae mpaka nistaafu?
*Mzee wa Mombasa, Toronto*

Hapana mzee wangu, zitumie. Delta waliondoa tarehe ya kuisha 2011, United 2019, lakini angalia majedwali ya bei waliyaondoa miaka gani, nimetaja hapo juu. Maili haiozi, inasinyaa. Na kampuni yenyewe ikifa ndo basi, waulize wa Australia waliokuwa na pointi za Ansett siku ilipofunga Septemba 2001, wateja wakabaki kumkodolea macho Qantas. Kama tiketi ya mwaka huu imekaa vizuri ikate hata kama sio ya bizinesi, na hizo zinazobaki mkatie mjukuu aje akutembelee, wengi wanaruhusu kumkatia mtu mwingine bila ada ila kuhamisha maili kwenda akaunti yake wanachaji, kwa hiyo katia kwenye akaunti yako mwenyewe, jina la msafiri andika la mjukuu kama lilivyo kwenye pasi.